Mita Mia na Ishirini

Kocha mpendwa, niliandika,
jina langu Sabiha Kombo, wa Wete, Pemba.
Shahada ya kwanza nimeimaliza Tunguu,
ya pili naitaka huko kwenu,
na msimu mmoja wa mbio bado umo miguuni
kama noti ya mwisho iliyofundikwa pembeni mwa kanga.
Ada nitailipa kwa kukimbia. Sina kingine.

Barua za namna hiyo nimetuma thelathini na moja.
Ishirini na sita zimenyamaza.
Nne zimesema "hongera" na "kwa bahati mbaya" kwa pumzi moja.
Moja imeuliza: mita elfu tano, dakika ngapi?

Sasa, dakika zangu ni za Mwalimu Faki.
Ndiye aliyeipima barabara ya Limbani
kwa kamba ya kumbi, mita hamsini,
mimi nimeshika ncha, yeye anahesabu,
mara mia tunainama na kuinuka
kama watu waliopoteza pete.
Ilikuwa masika. Mvua ilitupiga mpaka tukacheka.
Mwisho akaipaka nguzo ya umeme rangi nyeupe,
akafuta miwani, akasema:
"Hapa. Haipungui hata unyayo."

Alfajiri kwa alfajiri, baada ya sala,
kabla karafuu hazijaanikwa ukingoni mwa lami;
zikishaanikwa, njia ina wenyewe,
unaruka jamvi, unaruka jamvi,
na Bi Chumu pale karibu na nguzo haachi kuniuliza:
"Kwani wakimbizwa na nini weye?"
Sikimbizwi, bibi. Nakimbiza.
"Wakimbiza nini?"
Shule.
"Shule si ushamaliza?"

Kumi na sita, hamsini na nane.
Kocha alijibu siku ileile: inatosha,
lete vyeti, ada ipo, na chumba.
Mama alinitaka nimrudie neno moja tu.
Chumba, mama. Cha peke yangu.

Ndipo akaja Shaame, fundi wa maji,
na utepe wa chuma, kupima njia ya bomba.
Nikamshikia ncha; nishazoea kushika ncha.
Toka msikitini hadi nguzo yenye rangi:
elfu nne, mia nane na themanini.
Akapima tena. Chuma hakina haya.

Kamba ya kumbi hunywa mvua, ikajikunja.
Mita moja na sentimita ishirini, mara mia.
Hatua sabini na kitu.
Sekunde ishirini na tano ambazo sikuzikimbia.

Mwalimu Faki aliipakata kamba bila neno.
Sasa ilikuwa kavu, ndefu tena,
kama shahidi aliyegeuza maneno.

"Nani atatoka huko," akasema Shaame,
"aje aipime Limbani?"
Hakuna. Hilo ndilo jibu,
na ndilo lililoninyima usingizi.

Nikapaka rangi mpya, mbele, kwenye ukuta wa duka.
Nikakimbia mara tatu, siku tatu.
Bora yao: kumi na saba, kumi na tisa.

Kocha mpendwa, niliandika,
barabara ilikuwa fupi kuliko tulivyodhani.
Muda wangu ni huu hapa chini, si ule.
Kama nafasi ilikuwa ya yule wa mwanzo,
yule hayupo. Nipo mimi.

Leo ni siku ya tisa.
Simu nimeilaza kifudifudi juu ya kabati.
Mwalimu amenunua utepe, hataki kusema kwa bei gani.
Kila alfajiri mwili wangu unaifikia ile nguzo
na kunong'ona: tumefika.
Nauvuta kama mbuzi.

"Mbona siku hizi husimami hapa?" auliza Bi Chumu.
Njia imerefuka, bibi.
"Njia hairefuki," asema,
na kuendelea kugeuza karafuu zake.